Kutoka Mfuko wa Kwanza Hadi Mbegu Yako Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uyoga wa Nyumbani

Wengi wanaoniuliza maswali haya wameshavuna uyoga mamama (oyster kwa Kiingereza) mara mbili tatu. Wanajua kukatakata mabua ya mpunga, kuyachemsha kwenye pipa, kujaza mifuko na kunyunyiza maji asubuhi na jioni. Sasa wanataka kusonga mbele na hawajui waanzie wapi. Baadhi yao wameshaambiwa wajenge banda kubwa au wanunue mashine. Mimi naotesha kwenye chumba kimoja na kibaraza cha nyuma, hapa Morogoro, na kwa niliyoyaona hatua ya pili inaanzia kwenye mbegu, yaani nafaka iliyotandwa na nyuzi nyeupe za uyoga, ambazo hapa naziita utando. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu haya inahusu mbegu.

Nitajuaje kwamba nimeshavuka hatua ya mwanzo?

Angalia mifuko 20 ya mwisho uliyopanda. Kama 17 au 18 ilifunikwa vizuri na utando mweupe, na unaweza kueleza kwa nini ile mingine iliharibika, endelea. Kama 8 imeoza na sababu huijui, rudia kwanza ulichokuwa unafanya. Mbinu zinazofuata zinatumia malighafi yenye lishe zaidi, na lishe hiyo ukungu nao unaipenda. Uchafu mdogo ambao mabua matupu yaliuvumilia, mfuko wenye pumba hauuvumilii.

Pia uwe na daftari. Andika tarehe ya kupanda, mbegu ilikotoka, uzito wa mfuko, siku ulipogeuka mweupe wote, na gramu za kila mkupuo wa mavuno. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mbegu, malighafi na chumba kwa mpigo, hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuponza.

Nianze kurekebisha nini kabla ya kununua chochote?

Maji. Chukua konzi ya mabua yaliyopoa, yakamue kwa nguvu. Yakidondosha matone mawili matatu, yako sawa. Yakichuruzika, yaache kwenye wavu yajichuje, hata kama ni saa nne zaidi na umechoka. Maji yanayotuama chini ya mfuko yanakosesha utando hewa na kuwapa bakteria nafasi, na hapo ndipo harufu ya uvundo inapoanzia.

Baada ya maji, pima mbegu. Wanaoanza hukadiria kwa kiganja. Tumia mizani ya jikoni: mbegu asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa malighafi ikiwa na maji yake, yaani gramu 150 hadi 250 kwa mfuko wa kilo 5. Mbegu nyingi kidogo inauwahi ukungu, kwa sababu utando unaanzia sehemu nyingi kwa pamoja.

Kwa nini nijisumbue kutengeneza mbegu wakati zinauzwa?

Kwa sababu mbegu ndiyo inayoamua mavuno, na ukiinunua huioni ilikopita. Niliwahi kununua chupa kumi kwa muuzaji mmoja, nikazisafirisha kwa basi juani, nikapanda siku iliyofuata. Mbili zilikuwa na punje za kijani katikati, nami sikuzikagua. Mifuko yote niliyozitia ilioza. Mbegu ya nyumbani inatoka kwenye chumba cha jirani ikiwa bado changa, na unaujua umri wake kwa siku.

Kazi yenyewe inafanyika jikoni. Mimi natumia mtama mweupe, punje nzima, uliokaushwa kwa ajili ya chakula. Usichukue mtama wa kupanda shambani, kwa kuwa mara nyingi umepakwa dawa. Osha mpaka maji yatoke safi, kisha loweka kwa saa 12 hadi 24. Kuloweka kuna sababu mbili. Punje inakunywa maji hadi katikati, na mbegu ngumu za bakteria zilizojificha kwenye punje zinaamka. Zikiwa zimelala zinavumilia moto mkali sana. Zikishaamka zinakufa kirahisi.

Mwaga maji, osha tena, chemsha kwa moto wa kawaida kama dakika 15 hadi 20. Bonyeza punje kwa ukucha: iwe laini hadi ndani, lakini isiwe imepasuka. Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea hapa mara nne mfululizo. Punje iliyopasuka inatoa wanga, wanga unagandisha punje zote kama uji, na bakteria wanapata karamu. Chuja, tandaza juu ya kitambaa safi au chandarua, geuzageuza mpaka punje zikauke kwa nje. Ukishika konzi na kuiachia, punje zianguke moja moja na kiganja kibaki kikavu. Changanya na jasi, kama gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya mtama mkavu, ili punje zisishikane.

Jaza chupa za jamu au za mayonezi mpaka theluthi mbili tu, maana baadaye utazitikisa. Toboa kifuniko tundu moja, ziba kwa pamba ya godoro iliyokazwa vizuri (pamba ya hospitali inanyonya maji), funika juu kwa karatasi ya foili. Halafu zinaingia kwenye presha kuka.

Lazima niwe na presha kuka?

Kwa mbegu, ninakushauri sana uwe nayo. Maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayazidi nyuzi 100 za Sentigredi, na ukiwa nyanda za juu hayafiki hata hapo. Kila unapopanda kama mita 300 kutoka usawa wa bahari, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa karibu nyuzi moja. Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Arusha karibu 95. Mbegu za bakteria wa kwenye nafaka zinavumilia joto hilo. Presha kuka ikifika paundi 15 kwa inchi ya mraba, ndani yake joto linafika nyuzi 121. Chupa za nusu lita au lita moja za mtama zikikaa humo dakika 90, kila kilicho hai kinakufa.

Nyingi za presha kuka za jikoni hazifiki paundi 15, kwa hiyo soma kijitabu chake na uongeze muda, mimi naweka saa mbili au zaidi. Weka kitambaa au kichanja chini ili chupa zisiguse kitako. Hakikisha maji yanatosha muda wote huo. Usizibe tundu la mvuke, na usifungue mpaka ipoe yenyewe. Nimeona mkono wa mtu uliounguzwa na mvuke huo.

Kama huna, iko njia ya zamani inayoitwa kwa jina la John Tyndall, mwanasayansi wa karne ya 19. Unachemsha chupa kwa mvuke wa kawaida kwa saa moja na kidogo leo, unaziacha mahali penye joto hadi kesho, unachemsha tena, na siku ya tatu tena. Mbegu za bakteria zilizonusurika siku ya kwanza zinaota usiku, na mchemsho unaofuata unaziua. Inafanya kazi, ila hasara ni kubwa kuliko ya presha kuka na mkaa unakwisha.

Chupa zangu za mtama zinanuka chachu na punje zinateleza. Kwa nini?

Ni bakteria, na karibu kila mara chanzo ni punje zilizolowa. Ishike chupa kwenye mwanga: ukiona punje zimekuwa na ute, zinang'aa, na maji ya kijivu yamejikusanya chini, usiipande kwenye mfuko hata kama juu utando ni mweupe. Chupa iliyooza ichemshe kabla ya kuifungua. Usiifungulie chumbani unakopandia.

Nafanyaje kazi ya usafi bila maabara?

Tafuta beseni kubwa la plastiki linaloona ndani, lile la kuhifadhia nguo, ligeuze kifudifudi mezani, utoboe matundu mawili ya kupitisha mikono. Hilo ni sanduku la hewa tulivu. Vumbi linabeba ukungu, na hewa isipotikisika vumbi linatulia chini. Oga, vaa nguo safi, funga madirisha, zima feni nusu saa kabla. Pangusa ndani kwa spiriti ya asilimia 70. Spiriti kali ya asilimia 95 haiui vizuri kama ya 70, kwa sababu maji kidogo yanaisaidia kupenya, kwa hiyo usione fahari kuinunua kali.

Jambo moja ninalisema kwa uzito: usiwashe koroboi wala taa ya spiriti ndani ya sanduku ulilolipulizia spiriti. Mvuke wake unalipuka. Pasha wembe moto nje ya sanduku, mbali na chupa ya spiriti, ndipo uuingize.

Agari ni nini, na kweli ninaihitaji?

Ni unga unaotokana na mwani wa baharini, ukichemshwa na kupoa unaganda kama jeli. Juu ya jeli hiyo unaona utando peke yake, bila nafaka kuuficha. Uchafu ukiwemo utauona siku ya tatu au ya nne: doa la kijani, jeusi, au ute wa njano. Ndiyo sababu mbegu nzuri inaanzia hapa.

Mapishi ninayoyatumia: viazi mviringo gramu 200, vimenywe, vikatwe, vichemke kwenye lita moja ya maji mpaka vilainike, chuja, baki na maji yake, rudishia yatimie lita, ongeza sukari gramu 20 na agari gramu 20. Mimina kimo cha sentimita moja kwenye chupa ndogo zenye kifuniko, pika kwenye presha kuka dakika 30, acha zigande humohumo zikiwa zimefungwa. Ukitumia chupa ndogo badala ya sahani za maabara hulazimiki kumimina jeli ikiwa wazi hewani, na hapo unaepuka uchafu mwingi.

Ndugu zangu wa Unguja huniuliza kama mwani wanaolima Paje au Jambiani unafaa. Mwani huo unatoa karajinani, kitu kinachogandisha pia, lakini hakigandi sawasawa na agari. Kwa kazi hii nunua agari yenyewe. Maduka yanayouza vifaa vya keki na vyakula vya Kiasia huwa nayo, na gramu 20 zinakutosha chupa nyingi.

Nawezaje kupata mbegu kutoka kwenye uyoga wangu mwenyewe?

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Chagua uyoga mchanga, ukingo wa kofia bado umejikunja, kutoka kwenye mfuko uliozaa mapema na kwa wingi kuliko mingine. Daftari lako litakuonyesha ni upi. Usimwagilie siku hiyo. Uyoga mkavu una bakteria wachache.

Pangusa nje kwa spiriti, kisha uuchane kwa mikono kuanzia kwenye kikonyo kwenda juu. Usikate kwa kisu, maana kisu kinaburuta uchafu wa nje kuupeleka ndani. Nyama yake inaachana kwa nyuzi nyeupe, kama kifua cha kuku kilichochemshwa. Pale kikonyo kinapokutana na kofia, ndani kabisa ambapo hewa haijawahi kugusa, nyofoa kipande kama punje ya mchele kwa ncha ya wembe uliopashwa moto na kupoa. Fungua chupa ya agari kidogo tu, kiweke katikati, funga.

Siku ya tatu hadi ya tano kile kipande kinaota manyoya meupe. Utando ukishatambaa sentimita mbili tatu, kata kijipande cha ukingoni, mbele kabisa ya utando, ukihamishie kwenye chupa mpya. Ukingo ndio sehemu safi na yenye nguvu. Kwa kawaida nahamisha mara mbili kabla ya kupeleka kwenye mtama. Chupa ya mtama itikise utando ukishafika kama theluthi ya punje. Wiki mbili hadi tatu tangu kupanda, yote inakuwa nyeupe na inanukia uyoga mbichi.

Mbegu moja naweza kuizidisha mara ngapi?

Chupa moja ya mtama mweupe inapanda chupa kumi nyingine, na hizo kumi zinapanda mia. Mimi naishia hapo. Utando unachoka: unaanza kwenda polepole, unatoka kama pamba iliyovurugika, na mavuno yanapungua bila sababu unayoiona. Weka chupa chache za agari mama kwenye friji na urudi kwake kila msimu. Angalia tu kwamba mamama wa pinki hapendi baridi. Friji inamuua, kwa hiyo mtunze kwenye chumba.

Naweza kuongeza pumba kwenye malighafi ili nivune zaidi?

Unaweza, na mavuno yataongezeka, ila maandalizi yanabadilika. Mabua matupu yanahitaji tu nyuzi 65 hadi 80 kwa saa moja au mbili. Vijidudu vibaya vinapungua na vingine visivyo na madhara vinabaki kulinda nafasi. Ukishatia pumba ya mahindi au ya ngano asilimia 10, joto hilo halitoshi tena. Mifuko ya vumbi la mbao na pumba naipika kwa mvuke kwenye pipa lililofunikwa kwa saa 8 hadi 10, tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu, na naipandia mbegu mahali safi kama ninavyofanya chupa.

Vumbi liwe la miti migumu, mfano mkorosho, mwembe au grevilea. La msonobari lina utomvu unaozuia utando. Na uliza kiwandani kama mbao zimetiwa dawa. Hizo usizitumie kwa chakula.

Tanga na maeneo mengine ya mkonge wana malighafi nyingine iliyofanyiwa utafiti na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: makapi ya mkonge. Migombani, majani makavu ya mgomba yanafaa mamama vizuri.

Ukungu wa kijani umerudi tena. Nimekosea wapi?

Angalia ulipoanzia. Ukianza kwenye punje za mbegu, chupa ilikuwa chafu. Ukitokea katikati ya mfuko kila mahali, malighafi haikuiva. Ukianza kwenye matundu baada ya mavuno ya pili, mfuko umechoka na hilo ni la kawaida. Joto nalo: mifuko inayoota utando inajipasha yenyewe, na ikirundikwa, ya katikati inakuwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi kuliko chumba. Miezi ya joto hapa Morogoro naiacha ipishane kwa upana wa kiganja.

Uyoga unatoka na vikonyo virefu na vikofia vidogo.

Hewa haitoshi. Uyoga unapumua kama sisi, unatoa hewa ya kaboni, na ikijaa chumbani unarefuka kuitafuta hewa safi. Ongeza matundu ya chini na ya juu ukutani, yafunike kwa wavu. Unyevu utashuka, hivyo mwagilia sakafu na kuta badala ya kuumwagia uyoga wenyewe.

Nijaribu aina gani baada ya mamama mweupe?

Ukikaa kwenye joto, Dar es Salaam, Kilombero au Mombasa, nenda kwa mamama wa pinki au uyoga wa mabua ya mpunga unaovunwa ukiwa bado kama yai. Huu wa pili unataka nyuzi 30 hadi 35 na hauvumilii friji, kwa hiyo uza au pika siku hiyohiyo. Uyoga masikio nao unavumilia joto.

Shitake unahitaji vumbi la mbao, pumba, na subira ya miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuzaa. Lushoto, Njombe au Limuru utapata raha zaidi kuliko pwani. Uyoga vifungo (button kwa Kiingereza) ninakushauri uuache kwanza. Unaota kwenye mboji iliyopikwa kwa hatua, unafunikwa kwa udongo, na unazaa kwenye nyuzi 16 hadi 18.

Na uyoga wa vichuguu? Huo ndio mtamu.

Ni mtamu kweli, na kila masika naununua barabarani. Lakini huo unalimwa na mchwa. Wanatafuna majani na miti, wanajenga masega chini ya kichuguu, na utando unaota juu ya masega hayo wakiwa wanausafisha na kuulisha usiku na mchana. Ushirikiano huo una umri wa mamilioni ya miaka. Kwenye agari utando wake unaota polepole sana, lakini kuufanya uzae chumbani bila mchwa bado haiwezekani nyumbani. Anayekuuzia mbegu yake usimpe pesa. Wala usichukue kipande cha uyoga wa porini usioujua ukauotesha. Wenye sumu unabaki na sumu hata ukiota kwenye chupa safi.

Nikiingia chumbani nakohoa. Ni kawaida?

Usiizoee. Mamama akikomaa anamwaga unga mweupe mwingi sana, na mapafu yakiuvuta kila siku yanaweza kuuchukia kabisa, hadi homa na kifua kubana. Vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka, vaa barakoa nzuri, fungua hewa kabla ya kuingia. Usiweke mifuko inayozaa kwenye chumba cha kulala. Kikohozi kikiendelea, nenda hospitali na umweleze daktari kwamba unaotesha uyoga, maana yeye mwenyewe hatalikisia.

Vinzi vidogo vyeusi navyo?

Mabuu yao yanakula utando na kubeba ukungu mfuko kwa mfuko. Wavu wa matundu madogo kabisa kwenye kila uwazi, kadi za njano zilizopakwa grisi ukutani, na mifuko iliyokwisha itoke siku hiyohiyo. Sipulizi dawa kwenye kitu nitakachokila.

Nipime vipi kama nimepiga hatua?

Gawanya uzito wa uyoga mbichi wote uliovuna kwa uzito wa malighafi ikiwa kavu. Mabua makavu kilo 1 yakikupa uyoga gramu 700, hiyo ni asilimia 70. Ukitoka 50 ukafika 80 kwa mabua yaleyale, mbegu yako na mikono yako vimeimarika. Ndiyo maana pima mabua kabla ya kuyalowesha.

Mifuko iliyochoka niifanyie nini?

Ya mabua yaliyooza vizuri naimwaga kwenye shimo la mboji mbali na chumba cha kuoteshea, na baada ya miezi miwili hivi inakwenda kwenye mchicha na nyanya. Kabla ya kuitupa pasua mmoja uuangalie ndani: sehemu ngumu nyeupe zilizobaki zinaonyesha maji yaliisha kabla ya chakula. Ukiona hivyo, mfuko wa safari ijayo utumbukize kwenye maji ya baridi usiku mmoja baada ya mavuno ya pili, uuchuje, na unaweza kupata mkupuo wa tatu.